Mtu wa Kuzungumza Naye Jioni

Aliyecheka wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kikao mwenyewe, Mzee Nikodemo, na mgeni alikuwa hajasema zaidi ya shikamoo. Makoye alisimama kwenye mlango wa uzio, kofia mkononi, kichwa kimeinama kidogo. Mzee Nikodemo alibana midomo, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kicheko kikamponyoka. Wazee wengine sita wakamfuata. Makoye alingoja wamalize. Alikuwa amezoea.

Hakuna simu katika Itiryo yote isiyokuwa na sura yake. Kwenye vichekesho vyake aliitwa Bwana Nipo Njiani: mtu anayengojwa kanisani afunge ndoa, anayengojwa mahakamani atoe ushahidi, naye amelala kitandani, simu sikioni, anajibu, "Nipo njiani, nimeshafika darajani." Hata watoto waliotumwa dukani wakachelewa walijibu hivyohivyo. Lakini siku hiyo kikao kilikuwa saa nne, na Makoye alifika saa mbili. Alikaa kwenye gari saa mbili nzima, chini ya mji wa marehemu Heche, boma ambamo kikao kingekaa, akipangusa viatu.

Alikuja kumwomba Veneranda, mjane wa Heche, fundi cherehani wa pale senta, mama wa Regina wa miaka kumi na mitatu na Tomaso wa miaka sita. Mwaka mmoja uliopita alikuwa amempelekea koti lake la kuigizia litengenezwe mifuko, akarudi kulichukua, akarudi tena na suruali isiyokuwa na tatizo lolote. Sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya wazee, na kando yake alisimama Teddy, mwanamke aliyekuwa akimpiga picha na kuziweka mtandaoni. Makoye aliomba ruhusa kikao kirekodiwe, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa kule Kahama na asingeweza kusafiri. Alitaka naye aone mwanawe akiomba mke. Wazee walikubali. Mzee Nikodemo alivua kofia ya sufu akavaa ile ya sikukuu.

Mzee huyo alikuwa mdogo wa baba yake Heche, na ndiye aliyesimamia mji tangu duara la dhahabu, shimo la wachimbaji wadogo, limfukie Heche kule Nyakunguru, miaka mitano iliyopita. Hakuwa mtu mkali. Alieleza taratibu, kama anayemwelekeza mpita njia.

"Bwana Makoye, hapa kwetu Heche hajaisha. Mwili umekwenda, nyumba yake ipo. Ng'ombe walitoka hapa wakaenda kwa kina Veneranda, na hao hao ndio waliomwolea mke kaka yake. Yule pale, Faustine. Mwulize."

Faustine, kaka yake Veneranda, aliyekuwa amekaa karibu na ghala, aliangalia viatu vyake.

Makoye alisema angeweza kurudisha ng'ombe hao, hata na nyongeza. Wazee wakatazamana. Mzee Nikodemo akatikisa kichwa. Ng'ombe wakirudishwa, alisema, nyumba ya Heche imefungwa, na watoto hawatakwenda popote, watabaki hapa bila mama. Lakini mjane hafungwi kamba. Kama anataka mtu, basi mtu huyo na aingie: alime hapa, alale hapa, na wakizaliwa watoto waitwe wa Heche, wakae juu ya jina la Heche.

"Na mimi nitakuwa nani?" Makoye aliuliza.

"Utakuwa mtu wa nyumba ya Heche."

Mtu mmoja nyuma ya uzio alisema, "Nipo njiani," na kikao kikaangua kicheko. Makoye alisimama. Alisema kwa sauti ya chini, "Wazee wangu, mimi naomba. Siigizi." Hapo ndipo walipocheka zaidi ya mara zote. Mzee mmoja alilazimika kujifuta macho kwa shuka. Hawakuwa na ubaya naye. Ni kwamba uso ule, wenye nyusi zile zilizopanda, ulikuwa umeshawafundisha kucheka, na hawakujua namna ya kuacha.

Ndipo Veneranda akaitwa kutoka jikoni, akaulizwa mwenyewe anasemaje. Alikuwa ameandaa maneno mengi, juu ya heshima na juu ya kulea watoto. Aliposimama mbele ya wanaume wale yote yakampotea.

"Nataka mtu wa kuzungumza naye jioni," alisema.

Ndani ya nyumba, mama mkwe wake, Bibi Nchagwa, ambaye ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunga macho yote mawili, alisikia vicheko tu. Alidhani mambo yamekwenda vizuri.

*

Makoye aliomba apewe siku kumi afikirie. Kabla hajaondoka alipita senta. Veneranda alikuwa amekaa kwenye cherehani yake chini ya kibaraza cha duka, akipiga ukingo wa sketi za shule. Makoye alikaa kwenye benchi la wateja. Vijana wa bodaboda walisogea hatua chache, na mmoja akainua simu.

"Kwa hiyo nikizaa mtoto na wewe," Makoye alisema, "mtoto huyo baba yake ni Heche."

"Ndiyo."

"Nikimwita, ataniitikiaje?"

"Atakuita kwa jina lako."

Makoye alifikiri. Alisema kwamba yeye hana kitu kingine zaidi ya jina. Nyumba ni ya kupanga na gari ni la deni. Hakusema kwa kulalamika. Kisha akasema Mwanza kuna shule nzuri karibu na anapoishi, ameshauliza, nafasi mbili zipo. Veneranda alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alimwambia asimtajie tena shule hiyo, kwa sababu usiku huwa anaiona.

*

Kichekesho kilitoka Jumatano. Teddy aliona ukurasa umekaa wiki mbili bila kitu, na watu wanauliza. Alichukua picha za kikao, akazikata, akaongeza vicheko vya kutengeneza juu ya vile vya wazee, akaandika kichwa: Bwana Nipo Njiani Apeleka Posa. Alimpigia Makoye baadaye kumweleza. Aliamini kabisa kwamba atafurahi. Kufikia jioni Makoye alikuwa ameamuru kiondolewe, na kikaondolewa, lakini kilikuwa kimeshaingia kwenye simu za watu.

Alhamisi asubuhi Veneranda alikwenda Nyamongo kununua zipu na vitambaa. Alipita mbele ya kijiwe cha bodaboda, na mwanaume asiyemfahamu akamwambia kwa upole kabisa, "Mama, jioni nije tuzungumze?" Wenzake wakacheka. Alidhani ni masihara ya kawaida. Kwenye duka la vitambaa muuzaji alimtazama mara mbili, akamwita mke wake kutoka nyuma ya duka, na mke naye akamtazama. Walimpunguzia bei ya zipu. Wakamwomba wapige naye picha. Alipofika kituo cha magari sauti yake mwenyewe ikamfikia kutoka kwenye simu ya mtu, ndogo na kavu: nataka mtu wa kuzungumza naye jioni. Baada yake kikaja kicheko cha watu wengi, kama ukumbi mzima.

Alirudi Itiryo na uso kaufunika kwa khanga kama anayeumwa jino.

Yaliyofuata yalikuwa madogo madogo. Wateja waliongezeka, lakini walileta nguo zisizochanika, wakakaa kwenye benchi na simu zao. Kiongozi wa kwaya alikuja nyumbani, akanywa uji, akasifia uji, akashauri kwamba kwa Jumapili mbili tatu Mama Regina asiimbe, akae na waumini wengine, mpaka upepo upite. Regina alirudi kutoka shuleni saa tano asubuhi, akasema kichwa kinamuuma. Siku ya pili kikamuuma tena. Siku ya tatu mama yake hakumwuliza.

Wazee hawakuhitaji kuitwa. Walikutana wenyewe. Kijana wa Mzee Nikodemo alikuwa amemwonyesha baba yake picha hiyo, na mzee akajiona na kofia yake ya sikukuu, akicheka hadi mapengo yanaonekana, na chini yake maoni ya watu wa Dar es Salaam wanaouliza wale wazee wamelipwa shilingi ngapi kuigiza. Aliirudisha simu. Kikao cha wazee kilikuwa kimesuluhisha ugomvi wa ardhi na wizi wa mifugo tangu enzi za babu zake, na hapakuwahi kutokea mtu wa kuuliza kimelipwa shilingi ngapi. Uamuzi ulikuwa mfupi. Makoye alete mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, wa kuosha kikao, na siku hiyohiyo aseme kama anaingia kwenye nyumba ya Heche au haingii. Asipokuja, asionekane tena.

*

Makoye alipiga simu. Alisema kosa ni lake, kwa kuwa ndiye aliyetaka irekodiwe. Mama yake alikuwa ameiona, akauliza kwa nini wale watu wanacheka. Kisha akasema alichokuwa akikiogopa Veneranda.

"Njoo wewe. Njoo kwanza wewe, halafu tutafute njia ya watoto."

Veneranda aliwaza siku mbili. Siku ya kwanza kaka yake Faustine alikuja na mkewe, Luciana, tumbo la miezi minane. Hawakuomba jambo, ingawa akiondoka ng'ombe wangedaiwa kwao. Luciana alikaa kwenye mkeka akamenya viazi vyote vilivyokuwa kwenye beseni, na Faustine alizungumzia mvua. Walipokuwa wanaaga, Faustine alimshika mkono dada yake muda mrefu kuliko kawaida. Akasema, "Wewe ni mkubwa, utaona mwenyewe." Kama wangepiga magoti ingekuwa rahisi zaidi kuwakasirikia.

Siku ya pili Regina alimfuata kisimani.

"Mama, nenda. Mimi nitabaki na Tomaso. Nguo zake ninajua kufua."

Alikuwa amepanga mpaka mambo ya chakula. Alitaja siku za ugali na siku za makande. Veneranda alimtwisha ndoo, akajitwisha ya kwake, wakapanda kilima. Alipofika juu alikuwa ameshajua kwamba hatakwenda. Mtoto angemkataza, pengine angekwenda.

*

Jioni hiyo Bibi Nchagwa alimwambia Regina amletee hiyo simu yenye maneno. Alikuwa amesikia watu wakizungumzia kichekesho hicho wiki nzima, na yeye ndiye mwenye nyumba. Regina alimtazama mama yake, mama yake akaitikia kwa kichwa, na simu ikawekwa mapajani mwa bibi.

Bibi Nchagwa hakuwahi kuona uso wa Makoye. Alimjua kwa sauti na kwa mikono. Mara tatu alizowahi kuja nyumbani, walipukuchua mahindi pamoja, naye alipukuchua vizuri, bila kuacha punje kwenye gunzi. Sasa alisikiliza kichwa kimeinama. Kilipokwisha akaomba kirudiwe.

"Mbona wanamcheka," aliuliza, "na anaomba?"

Alipapasa simu akaigeuza kifudifudi, kama mtu anayefunika chungu, na sauti ikafifia. Aliwaambia watoto watoke. Kisha akazungumza na mke wa mwanawe polepole.

"Ng'ombe wale waliokuoa hawakuwa wa Nikodemo. Walikuwa mahari ya binti yangu, wa nyumba yangu. Nikisema mwachieni aende na watoto wake, Nikodemo atapiga kelele, lakini hana neno."

Veneranda alikuwa ameshika sindano. Miaka mitano hakuwahi kujua kwamba mlango ulikuwa na ufunguo, na ufunguo umekaa hapa, kwenye mkeka huu, unakula naye ugali kila siku.

"Basi sema, mama."

Bibi aligeuza uso kuelekea mlangoni. Nje Tomaso alikuwa akiwaswaga mbuzi, akiwaita mmoja mmoja kwa jina.

"Siwezi," alisema mwishowe. "Heche alikuwa mmoja. Ukiwachukua hawa, nani ataniambia kumekucha? Nimeomba nipate moyo wa kusema, toka juzi naomba. Sijaupata. Mwambie yule mtu aingie. Mimi sitamcheka."

Veneranda alitaka kumkasirikia. Alimtazama, kikongwe aliyekaa na simu mapajani asiyoweza kuiona, na vidole vyake viwili vikitafuta ukingo wa khanga ili vishike kitu. Alikwenda kumwashia moto wa kuota.

*

Makoye alikuja Jumamosi, tena kabla ya wakati. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, akiswaga mtamba mwekundu pamoja na mtu aliyemuuzia, bila Teddy na bila gari. Teddy alikuwa amemwambia kwamba mtu anayekwenda kuishi kwenye mji wa marehemu hatachekesha tena watu, na kila mmoja akashika njia yake.

Mlangoni mwa uzio palikuwa na karai, na kila aliyeingia aliweka simu yake humo, wazee kwa vijana. Mtamba alipokelewa. Mzee Nikodemo alivaa kofia ya sufu. Alimwuliza mgeni kama anaingia, na mgeni akasema anaingia. Atakuwa anakwenda Mwanza wiki moja kila mwezi kutafuta riziki, na wiki zilizobaki atakuwa hapa. Wazee wakanong'onezana, wakakubali.

"Basi utamke mwenyewe, watu wasikie. Sema: Hapa mimi si baba wa mtu."

Makoye aliangalia upande, kule ambako kwa kawaida Teddy alisimama na kamera. Halafu akamtazama mzee.

"Hapa mimi si baba wa mtu," alisema. "Na watakaozaliwa ni wa Heche."

Hakuna aliyecheka. Mzee yule aliyewahi kujifuta macho kwa shuka alikuwa akiangalia chini. Ukimya ulikaa mpaka ng'ombe mmoja akapiga chafya zizini, na hata hapo hakucheka mtu. Nyusi za Makoye zilikuwa zilezile. Veneranda, aliyesimama kwenye mlango wa jiko, alikumbuka jinsi alivyokasirika siku ile walipomcheka. Leo alitamani hata mmoja acheke. Alikuwa ameomba mlango ufunguliwe atoke, na mlango ulikuwa umefunguliwa, mtu mwingine akaingia, ukafungwa.

Watu walikula, wakaomba baraka, wakachukua simu zao kwenye karai, wakaondoka. Wengine hawakwenda mbali.

*

Saa kumi na mbili jioni cherehani ilikuwa imerudishwa kutoka senta, imewekwa barazani. Veneranda alikaa kwenye kiti chake na Makoye kwenye kigoda. Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba. Regina alikuwa akipika, Tomaso amelala kwenye mkeka karibu na bibi yake, ndani, mlango wazi.

Nyuma ya uzio wa minyaa palikuwa na watu. Hawakujificha sana. Vioo vya simu viling'aa kati ya matawi, vitatu, vinne, na mtoto mmoja alikuwa amebebwa mabegani ili aone vizuri. Makoye alifungua mdomo, akatazama kule, akaufunga. Veneranda alitaka kumwuliza kama miguu inamuuma kwa safari. Alifikiria neno hilo litasikikaje likitoka kwenye simu ya mtu pale Nyamongo, na kicheko nyuma yake. Hakuuliza.

Walikaa hivyo mpaka moshi wa jikoni ukapungua.

"Nyie," Bibi Nchagwa aliita kutoka ndani, "mbona hamzungumzi?"

Kule kwenye uzio mtu alijizuia kucheka. Veneranda alitazama mikono yake. Kisha akasogeza kiti mbele ya cherehani. Alichomoa uzi kwenye sindano ili usijisokote, akatoa na kibobini cha uzi wa chini, akakiweka mezani, akasukuma gurudumu kwa kiganja na kukanyaga. Hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Cherehani ilianza kulia, taratibu kwanza, halafu kwa kasi, kelele ya chuma iliyojaza baraza na kufika mpaka kwenye minyaa. Mtu mmoja kule aliweka simu sikioni, akaitikisa.

Makoye alitazama sindano ikipanda na kushuka juu ya kitu kisichokuwepo. Akaelewa. Alisogeza kigoda mpaka goti lake likagusa meza, akainama karibu na bega la Veneranda, akaanza kusema. Veneranda aliendelea kukanyaga, na kila alipotaka kujibu aliongeza mwendo.